Jinsi ya Kupiga Msasa Klia ya Gari Mpaka Ing'ae Kama Kioo

Simama kando ya gari lililotoka kupigwa rangi, iname kidogo, kisha tazama taa ndefu ya dari inavyoonekana kwenye boneti. Ikionekana imenyooka na kingo zake ni kali, aliyepuliza alikuwa na mkono mzuri siku hiyo. Mara nyingi haiwi hivyo. Taa inaonekana imevunjikavunjika, kingo zinatetemeka, utadhani unaitazama kwenye maji yaliyoguswa na upepo. Hilo ndilo ganda la chungwa: vijilima na vibonde vidogo vilivyobaki kwa sababu klia, lile tabaka angavu la juu linalolinda rangi, iliganda kabla haijatandaa sawasawa. Msasa wa maji hukata vijilima hadi vilingane na vibonde, halafu kompaundi, dawa ya kung'arishia yenye chembe laini, huja kufuta alama za msasa.

Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba msasa unang'arisha. Msasa unasawazisha, na kadiri unavyosawazisha ndivyo unavyofubaza. Mng'ao unakuja mwishoni kabisa, kwenye mashine ya kung'arishia. Ukilikubali hilo tangu mwanzo hutaingiwa na hofu ukiona boneti ya watu imekuwa nyeupe kama ubao wa chaki, na hutaharakisha hatua usiyotakiwa kuiharakisha.

Kwanza ujue una klia kiasi gani

Hapa ndipo ninapoomba utulie, maana makosa yote makubwa ya kazi hii yanaanzia hapa. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una kama mikroni 70. Kwa hiyo ngao yote inayolinda rangi ya gari ni nyembamba kuliko unywele mmoja. Klia iliyopulizwa gereji kwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, mara nyingi inafika mikroni 50 hadi 60, na mkono wa tatu unakuongezea nafasi zaidi.

Sasa piga hesabu. Kuondoa ganda la chungwa la kawaida kunakula kama mikroni 5 hadi 10, na kompaundi inakula nyingine chache. Kwenye klia mpya yenye mikono mitatu hapo una raha. Kwenye klia ya kiwandani ambayo tayari imeshapigwa polishi mara kadhaa, unacheza ukingoni mwa shimo. Klia pia ndiyo inayobeba dawa za kuzuia miale ya jua, na ukiiacha nyembamba mno, gari litang'aa sana leo halafu baada ya miaka michache klia ianze kufubaa na kubanduka. Ushauri wangu ni huu: kama wewe ndiye unayepuliza na unajua utapiga msasa, ongeza mkono mmoja wa klia kwa ajili ya msasa. Kama gari lina klia ya kiwandani, punguza ganda la chungwa, usilimalize.

Kipima unene cha rangi kinasaidia, ila uelewe kinachokwambia. Kile cha kawaida kinapima kila kitu kuanzia kwenye bati: praima, rangi na klia kwa pamoja. Hakikutengei klia peke yake. Faida yake ni kulinganisha. Ukipima sehemu ikasoma 130 kabla ya kuanza na 122 baadaye, umeshakata mikroni 8. Kwenye bampa la plastiki kipima hicho hakifanyi kazi, kwa hiyo huko utategemea macho na mkono.

Kisha hakikisha kwamba klia ipo. Chukua kipande kidogo cha msasa namba P2000, loweka, sugua taratibu mahali pasipoonekana. Uji unaotoka ukiwa mweupe kama maziwa, hiyo ni klia. Ukiwa na rangi ya gari, basi ama gari limepigwa rangi isiyo na klia juu yake, ama klia imekwisha mahali hapo. Rangi ya uji huu utaiangalia kazi nzima, usiache kuiangalia.

Lini uanze

Klia nyingi za magari huchanganywa na dawa ya kugandisha, ile ambayo mafundi huiita hadna. Kwenye joto la kama nyuzi 20 za Selsiasi, ipe angalau saa 24. Iliyookwa kwenye chumba chenye joto la nyuzi 60 kwa nusu saa inaweza kupigwa msasa ikishapoa kabisa. Kopo lina maelekezo yake, na hayo ndiyo ya kufuata kuliko mazoea ya mtu yeyote, yangu yakiwemo. Siku za baridi au za unyevu, ongeza muda.

Ukiwahi mno, msasa unajaa vigololi vya klia laini na vigololi hivyo vinachimba mikwaruzo mirefu. Lipo tatizo baya zaidi ambalo halionekani siku hiyo. Klia ambayo haijakomaa inaendelea kusinyaa, na wiki mbili baadaye mikwaruzo uliyoiziba kwa kompaundi inajitokeza upya, gari linakuwa na ukungu ambao haukuwepo ulipolikabidhi. Ukichelewa mno, klia inakuwa ngumu kama jiwe, na kila hatua inakuchukua muda mara mbili. Kwa klia yenye hadna, siku ya pili na ya tatu ndizo siku zangu. Bonyeza ukucha mahali pasipoonekana: ukiacha alama, rudi kesho. Ukiinusa na bado ina harufu kali ya thina, rudi kesho vilevile.

Klia ya kopo la kupulizia isiyo na hadna ni habari nyingine. Ni nyembamba na laini, hivyo ipige msasa mwepesi tu wa P2000 au P3000, kwa mkono usio na nguvu.

Vifaa

Msasa wa maji wa P1500, P2000 na P3000, pamoja na kipande kidogo cha P1200 kwa ajili ya vumbi lililonasa na klia iliyochuruzika. Ile herufi P ina maana kubwa. Inaonyesha kipimo cha Ulaya, na kuna kipimo cha Marekani ambacho namba zake hazilingani nacho. Msasa ulioandikwa 600 kwa kipimo cha Marekani unakaribia P1200. Mtu akikupa karatasi isiyo na P ukaichanganya na zako, unaweza kudhani unapanda ngazi kumbe unashuka. Chembe za P1200 zina ukubwa wa wastani wa mikroni 15.3, P1500 mikroni 12.6, P2000 mikroni 10.3, na P2500 mikroni 8.4. Nunua msasa mzuri. Karatasi duni huwa na chembe moja moja kubwa kuliko wenzake, na chembe moja inatosha kuchora mkwaruzo utakaoutafuta asubuhi hadi jioni.

Utahitaji pia kibao cha mpira, na kingine laini cha sponji kwa sehemu zenye mbinuko. Usisugue kwa vidole vitupu. Vidole vinabonyeza sehemu nne, katikati vinaacha mapengo, na mwisho unapata mifereji inayoonekana wazi jua likilala. Andaa ndoo mbili za maji safi, moja ya kulowekea msasa na nyingine ya kusuuzia, na kwenye ile ya kwanza tia matone machache ya shampuu ya gari ili msasa uteleze. Ongeza chupa ya kupulizia maji, mpira wa kufutia vioo, vitambaa laini vya maikrofaiba, tepu ya karatasi na taa ya mkononi. Vaa glavu na miwani, na barakoa utakapofika kwenye mashine. Maji yanazuia vumbi, lakini uji ukikauka unageuka vumbi tena, na vumbi la klia yenye hadna si la kuvuta puani. Kwa hiyo osha sakafu ikiwa bado mbichi.

Loweka msasa kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kuanza. Ukiwa mkavu una kingo kali zinazochana.

Kuandaa gari

Liweke kivulini, bati likiwa limepoa. Lioshe kwa maji mengi, kuanzia juu kwenda chini, pamoja na mianya ya milango na chini ya mpira wa vioo, maana mchanga uliojificha huko utashuka na maji ya msasa wako. Kama klia ni ya zamani, pitisha udongo maalum wa kuvuta uchafu ulioganda.

Kisha bandika tepu kwenye kingo zote: ukingo wa boneti, wa milango, na ile mistari mikali iliyochongwa kwenye bodi. Klia ikiwa bado majimaji inakimbia kingo, kwa hiyo ukingoni huwa nyembamba kuliko kwingine, na papo hapo ukingoni ndipo shinikizo la kibao linapokusanyika. Acha kama milimita 5 kila upande.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikuwa namaliza boneti ya rangi ya fedha, nikaona tepu inanichelewesha, nikaibandua. Nilipitisha kibao mara nne au tano tu kwenye ukingo wa mbele. Uji ukageuka kutoka mweupe kuwa wa kijivu. Nilipofuta maji niliona pete, mstari mwembamba wenye umbo la ziwa kwenye ramani, na ndani yake rangi imekuwa kavu, haina uhai. Nilijaribu kompaundi, pete ikapanuka. Pete hiyo ikishaonekana hakuna kompaundi wala polishi itakayoirudisha. Panel nzima, yaani kipande kizima cha bodi kama boneti au mlango, inarudi kupulizwa. Mwenye gari alinielewa, lakini boneti ile niliianza upya kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo tepu inabanduliwa mwisho.

Vumbi lililonasa na klia iliyochuruzika

Haya yanashughulikiwa kabla ya kugusa panel nzima. Chembe ya vumbi iliyonaswa unaiondoa kwa kipande cha P1200 au P1500 kilichofungwa kwenye kibao kidogo kigumu, duara ndogondogo, ukisimama mara tu inapolingana na klia iliyoizunguka.

Klia iliyochuruzika inataka subira zaidi. Mchirizi ni mnene, juu umekauka ila ndani bado laini, hivyo uongezee siku mbili au tatu kuliko sehemu nyingine. Bandika tepu pande zake zote mbili ili klia ya jirani isiguswe. Tumia kibao kigumu na P1200, maji ya sabuni, na mkono mwepesi, ukikata mgongo wa mchirizi peke yake. Tepu ikianza kuchubuka, umefika. Itoe, endelea kwa P1500 mpaka ukipitisha kiganja usisikie kitu.

Msasa wa kwanza: P1500

Gawa panel vipande vya kama sentimita 40 kwa 40. Lowesha uso, lowesha msasa, ukunje kwenye kibao, kisha sugua kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, upande mmoja tu. Uzito wa mkono wenyewe unatosha. Ukijikuta unakandamiza, msasa umeisha makali, badilisha.

Sikiliza. Mwanzoni msasa unakwaruza kwa sauti, unarukaruka juu ya vijilima, na mkononi unausikia kama unapita juu ya kitambaa kigumu. Baada ya mizunguko michache sauti inapungua. Baadaye kibao kinaanza kunatanata, maji yanakivuta kama kioo kilichowekwa juu ya kioo kingine. Hapo uso umeanza kulingana. Mkono unalijua hilo kabla ya jicho.

Kila baada ya mipito kumi hivi, suuza msasa ndoo ya pili, pulizia maji, vuta kwa mpira wa kufutia vioo, kisha tazama. Usiangalie kukiwa na maji. Maji yanaziba kila kitu na kukudanganya kwamba kumeng'aa. Kukikauka utaona uso mfu wenye vidoa vidogo vinavyong'aa. Vidoa hivyo ni vibonde ambavyo msasa haujavifikia. Endelea hadi vibaki vichache sana kama unajua una klia ya kutosha. Kwa klia ya kiwandani, simama vikiwa bado vinaonekana hapa na pale. Ukilazimisha kidoa cha mwisho kife, utakata mikroni nyingi za eneo lote kwa ajili ya tundu moja.

Ukisikia sauti mpya ya mkwaruzo, kali, ya ghafla, nyanyua mkono papo hapo. Chembe imeingia. Suuza msasa, suuza uso, na kama karatasi ina alama, itupe. Msasa ukidondoka chini pia utupe, kuusuuza hakutoshi.

P2000, kisha P3000

Kazi ya P2000 ni moja: kufuta mikwaruzo ya P1500. Ganda la chungwa limeshaondoka, hutafuti kitu kingine. Osha panel, badilisha maji yote ya ndoo, na safari hii sugua kwa kukatiza mistari ya kwanza. Kama P1500 ilikwenda mbele na nyuma, P2000 iende kushoto na kulia. Ukikausha utaona mara moja mistari iliyobaki ikiwa imelala upande mwingine, na utajua wapi bado. Ukisugua upande uleule hutaweza kuitofautisha, na mikwaruzo ya P1500 itakufuata mpaka kwenye kompaundi.

P3000 inarudia vilevile, tena kwa kukatiza. Ipo inayouzwa ikiwa na sponji mgongoni, nami naipenda kwa sababu inafuata mbinuko za bodi bila kuchimba. Ukimaliza, panel ina ukungu laini wa kijivu na imeanza kuonyesha kivuli cha taa. Watu wengi huruka hatua hii waende kwenye mashine moja kwa moja. Inawezekana, lakini kompaundi italazimika kukata zaidi, mashine itapata moto zaidi, na klia yako italipa. Dakika kumi za P3000 zinaokoa nusu saa ya mashine.

Mashine na kompaundi

Mwanga tunaouona una mawimbi ya kati ya mikroni 0.4 na 0.7. Mikwaruzo mikubwa kuliko hapo inautawanya, ndiyo maana tunaona ukungu. Kompaundi ina chembe laini sana, nyingine zinazidi kuvunjika kadiri unavyofanya kazi, na inaipunguza mikwaruzo mpaka mwanga urudi ukiwa umenyooka.

Badilisha tepu ya kingo iliyolowana kabla ya kuwasha chochote. Kwa mashine ya mzunguko, funga pedi ya sufu, weka matone manne au matano ya kompaundi ya kukata, yasambaze mashine ikiwa imezimwa au inakwenda taratibu, kisha fanya kazi kwa mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Pedi ikae bapa. Tembea polepole, kila mpito ukifunika nusu ya uliopita, na usisimame mahali pamoja. Weka kiganja kila mara: bati likiwa vuguvugu, sawa, likikuchoma mpaka unaondoa mkono, umepitiliza, acha lipoe. Klia iliyopata moto inalainika, na pedi inaivuta kama karatasi iliyolowa. Kwenye bampa la plastiki kuwa mwangalifu maradufu, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama bati.

Karibu na ukingo, hakikisha pedi inazunguka kutoka ndani kwenda nje, ikiteleza kuuacha ukingo. Ikizunguka kuelekea ndani inaukata ukingo kama kisu. Waya wa umeme upitishe juu ya bega usiburuzike kwenye rangi.

Kama hujawahi kushika mashine ya mzunguko, anza na ile inayotikisika huku ikizunguka. Ni ya polepole, haichomi kirahisi, na haiachi zile alama za mawimbi zinazocheza juani. Inachukua muda, ila gari la mtu si mahali pa kujifunzia mashine kali.

Baada ya kompaundi, badilisha pedi: sponji laini na polishi ya kumalizia, mkono mwepesi zaidi. Kwenye rangi nyeusi hatua hii ndiyo inayotofautisha gari linalong'aa na gari lenye kina. Mwisho bandua tepu, kisha ung'arishe zile milimita chache za kingo kwa mkono na kitambaa chenye polishi, mipito michache tu.

Kukagua

Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta yanajaza mikwaruzo. Futa panel kwa pombe ya kusafishia iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, taratibu kama klia ni mpya, halafu ndipo uangalie. Taa ndefu ya dari inafaa kupima ulinganifu: kivuli chake kikinyooka, ganda la chungwa limeisha. Kwa mikwaruzo unahitaji mwanga wa nukta moja, kama jua au taa ya mkononi yenye balbu moja. Panel inaweza kufaulu chini ya taa ndefu na kufeli vibaya juani. Ukiona mistari iliyonyooka iliyobaki, hiyo ni ya msasa. Rudi P3000 sehemu hiyo pekee. Ukiona duara nyingi hafifu, hizo ni za pedi, na polishi ya kumalizia itazifuta.

Sehemu za chini za milango na vizingiti ziache na ganda lao la chungwa. Zinapigwa na mawe kila siku, zinahitaji unene wote zilizonao, na hakuna anayeinama kuziangalia.

Klia ikiwa mpya usiipake nta wala kinga yoyote ya kuziba kwa siku 30 hadi 90, kulingana na maelekezo ya kopo, ili kilichobaki cha thina kitoke. Katika muda huo osha kwa shampuu laini na mikono yako mwenyewe, kitambaa kikiwa kisafi na maji yakiwa mengi, na ukaushe kwa kubonyeza kitambaa bila kukiburuza.